Mashine ya nukta nundu: Kabla ya kutoa fedha, uliza faili linatokaje

MSOMAJI aliyezoea kukuta hapa habari za mahindi, kahawa na thamani ya shilingi ataniwia radhi wiki hii. Bidhaa ninayotaka kuizungumzia haiuzwi kwa gunia wala kwa tani. Ni maandishi ya nukta nundu, yale wanayoyasoma wasioona kwa ncha za vidole. Nimeyaleta katika ukurasa wa masoko kwa sababu wapo wenzetu wanaofikiria kuweka mtaji ndani yake: mwenye duka la fotokopi anayeona shule na mashirika yakitafuta mtu wa kuwachapia, au ndugu wawili watatu wenye kiinua mgongo wanaotafuta mradi ambao bado haujaigwa na mtaa mzima. Wengi wao huanzia kwenye mashine. Huuliza inagharimu dola ngapi, inachapa kurasa ngapi kwa saa, inakula umeme kiasi gani, na ikiharibika wakala wake yuko wapi.

Hayo ni maswali mazuri, lakini swali linaloamua kama mradi utaishi huwa halimo. Swali hilo ni hili: faili linalotoka kwenye programu ya kutafsiri linatoka katika sura gani? Najua linasikika kama swali la fundi, si la mwenye fedha. Naomba nieleze kwa nini ni la mwenye fedha, tena nianze na hasara yangu mwenyewe.

Mwaka 2019 mimi na wenzangu wawili tulipata kazi ya kuandaa taarifa ya mwaka ya chama kimoja cha akiba na mikopo kilichokuwa na wanachama wasioona. Kazi haikuwa kubwa: hesabu za mwaka, orodha ya hisa, na mapendekezo ya gawio. Tulitafsiri maandishi kwa kompyuta yetu, tukaona mambo yako sawa, tukapeleka faili kwa mtu mwenye mashine katika mji mwingine. Yeye akachapa, akafunga vitabu, akavituma kwa basi. Siku ya mkutano mkuu ikafika. Mweka hazina akawa anasoma hesabu kwa sauti, na mzee mmoja asiyeona anamfuata kwa vidole. Walipofika kwenye gawio mzee akanyoosha mkono. “Ndugu Mwenyekiti,” akasema, “hapa kwangu hakuna shilingi elfu moja na mia tano. Hapa kwangu pameandikwa aejj.”

Ukumbi ulicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu tulifungua ukurasa baada ya ukurasa na kila tarakimu katika kitabu kizima ilikuwa imegeuka herufi.

Ilivyotokea ni hivi. Katika nukta nundu tarakimu haina sura yake peke yake. Huandikwa kwa herufi kumi za mwanzo, a mpaka j, ambapo a ni 1, e ni 5 na j ni sifuri, na mbele yake hutiwa alama maalumu ya kumwambia msomaji kwamba zinazofuata ni tarakimu. Kompyuta yetu iliiandika alama hiyo kwa #, kama ulivyo utaratibu wa Marekani. Mashine ya yule bwana ilikuwa imepangwa kwa jedwali la nchi nyingine, ambamo # husimama badala ya nukta nyingine kabisa. Herufi zilifika salama kwa sababu a ni a karibu katika majedwali yote. Kilichopotea njiani ni ile alama ya mbele, na bila hiyo 1500 ni aejj tu. Tulichapa upya kwa gharama zetu, tukalipa nauli ya vifurushi mara ya pili, na mwaka uliofuata kazi ile haikurudi kwetu. Ukitafuta mkosaji humpati. Programu ilifuata jedwali lake na mashine ikafuata lake.

Tuangalie chanzo cha vurugu hii. Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa Coupvray mwaka 1809 na kupofuka utotoni baada ya kujiumiza katika karakana ya ngozi ya baba yake, alichapisha mfumo wake mwaka 1829. Chumba kimoja cha maandishi kina nafasi sita za nukta, safu mbili za nukta tatu tatu. Kila nafasi ama ina nundu ama haina, hivyo zinapatikana sura 64 ukihesabu na ile tupu. Kompyuta zilipoanza kutumiwa kwa kazi hii, herufi zilizokuwamo ndani yake zilikuwa chache, na wataalamu wa Marekani wakafanya kama mwenye duka asiye na chenji: wakatumia kilichokuwapo mkononi. Walichukua alama 64 za kawaida katika mpango wa ASCII, wakaziazima zisimame badala ya zile sura 64. Alama # ikawa ya tarakimu, & ikawa kifupisho cha neno la Kiingereza “and”, na kadhalika. Faili la namna hiyo kwa kawaida hubeba jina linaloishia na brf. Ulaya nako nchi kadhaa zikajitengenezea majedwali yao, nayo hayakufanana na lile la Marekani. Hali ikawa kama ya pishi na debe, kila soko na kipimo chake, na mnunuzi wa mbali ndiye anayepunjwa.

Kipimo kimoja kilipatikana Septemba 1999, lilipotoka toleo la 3.0 la Unicode. Msomaji asishtuke kusikia kitu kama kodi, hakuna mtoza ushuru hapa. Unicode ni orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi ya kila mwandiko namba yake ya kudumu. Katika toleo hilo sura za nukta nundu zilipewa nafasi 256 za kwao wenyewe, kuanzia ile ambayo mafundi huiandika U+2800 hadi U+28FF. Ni 256 na si 64 kwa kuwa walihesabu pia chumba cha nukta nane, kinachotumika sana kwenye vifaa vya kompyuta.

Namba zenyewe zimepangwa kwa namna ambayo muuza nafaka ataielewa haraka. Chukua mawe ya mizani yenye uzito wa 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128. Nukta ya kwanza ni jiwe la 1, ya pili ni jiwe la 2, ya tatu ni la 4, na hivyo hivyo mpaka ya nane ambayo ni la 128. Weka kwenye mizani mawe ya zile nukta zenye nundu, jumlisha, kisha ongeza 10,240, ambayo ndiyo U+2800 kwa hesabu yetu ya kawaida. Alama ya tarakimu ina nukta ya 3, ya 4, ya 5 na ya 6. Hayo ni mawe ya 4, 8, 16 na 32, jumla 60. Basi namba yake ni 10,300. Dar es Salaam ni 10,300, na Stockholm ni 10,300. Shilingi 1500 inaandikwa ⠼⠁⠑⠚⠚. Faili halisemi tena “tia #, mwenye mashine ataamua maana yake”, bali linasema “tia nukta hizi nne”. Mashine au programu isiyoelewa Unicode itaharibu ukurasa wote kwa mara moja, na uharibifu wa namna hiyo huonekana kabla kitabu hakijafungwa. Kosa la kuogopwa ni lile lililotupata sisi, ambalo huacha maneno yakiwa sawa na kuharibu fedha peke yake.

Sasa tuje kwenye programu. Zipo za kibiashara, na inayojulikana zaidi ni ya Duxbury Systems ya Massachusetts, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1975. Leseni ya programu ya aina hiyo ni mamia ya dola, na sina neno baya la kusema juu yake. Mwenye kazi nyingi za vitabu vya shule vyenye majedwali na hisabati atairudisha fedha yake. Lakini mfanyabiashara mdogo anapaswa kujua kwamba ipo njia nyingine, nayo ni programu huru zinazoendeshwa kwa kuandika amri, zisizo na madirisha wala vitufe. Iliyo kubwa kati yake ni liblouis, iliyopewa jina kwa heshima ya Louis Braille. Ilianza mwaka 2002 kwa kazi ya John Boyer, mwanaprogramu asiyeona wa Marekani, na kampuni ya ViewPlus inayotengeneza mashine za kuchapa. Msingi wake ulitoka katika BRLTTY, programu ya kusomea kompyuta za Linux kwa vidole. Leseni yake, iitwayo LGPL, inamruhusu mtu yeyote kuitumia hata ndani ya bidhaa anayoiuza, kwa sharti kwamba akiibadilisha liblouis yenyewe na kuisambaza, mabadiliko hayo ayatoe kwa leseni ile ile. Wenye kusikiliza kompyuta kwa NVDA wanaitumia kila wanapounganisha kifaa cha nukta nundu, hata kama hawajapata kusikia jina lake.

Watu huzidharau programu za amri kwa kuwa hazina picha. Kwa mtu wa biashara dharau hiyo ni ya gharama. Programu ya vitufe inahitaji karani akae mbele yake afungue faili, abonyeze, ahifadhi, afungue jingine. Programu ya amri unaiandikia mstari mmoja, nayo itapita kwenye mafaili mia mbili usiku umelala. Itafanya hivyo kwenye kompyuta kuukuu ambayo ofisi nyingine imeitupa. Tena ukishaiandika amri, kazi ya kesho itatoka sawasawa na ya leo, jambo ambalo karani, kwa heshima zote, hawezi kukuahidi.

Katika liblouis amri ya kutafsiri Kiingereza cha vifupisho na kupata matokeo ya Unicode ni hii:

lou_translate unicode.dis,en-ueb-g2.ctb < bei.txt

Hapo bei.txt ni faili lako la kawaida, jedwali la pili ndilo linalojua lugha, na la kwanza, unicode.dis, ndilo linaloamua nukta zitoke katika sura gani. Liwekwe mbele, si nyuma, kwa maana programu hufuata maelezo inayokutana nayo kwanza. Ukiliondoa, unapata yale maandishi ya zamani ya kuazimana alama.

Nimetaja amri hiyo ili msomaji aone namna kazi ilivyogawanywa, maana hapo ndipo ilipo busara ya wajenzi wake. Kutafsiri ni hatua mbili. Kwanza unatoka kwenye herufi kwenda kwenye nukta. Hapo panahitaji ujuzi wa lugha, vifupisho, sheria na mambo mengi ya kubishaniwa. Pili unatoka kwenye nukta kwenda kwenye kitu ambacho kompyuta itakiandika katika faili; hapo hapahitaji ujuzi wa lugha hata kidogo, ni mawe ya mizani tu. Programu iliyozitenga hatua hizo mbili inaongezewa matokeo ya Unicode kwa kazi ndogo ya fundi mmoja, bila kugusa hata sheria moja ya tafsiri. Programu iliyozichanganya, inayotoka kwenye herufi moja kwa moja hadi # na &, ina taabu kidogo, lakini nayo haijashindikana: unaweka nyuma yake kigeuzi cha mistari 64, kila alama ya kuazima na nukta zake. Kwa hiyo muuzaji akikwambia kwamba jambo hili ni gumu, liko katika mipango, subiri toleo lijalo la kulipia, nadhani una haki ya kuinuka ukaenda zako.

Hata hivyo nisiuze embe kwa ganda lake. Matokeo ya Unicode yana mitego, na miwili kati yake inagusa ankara moja kwa moja.

Mtego wa kwanza ni wa uzito. Katika mtindo wa zamani kila chumba huchukua baiti moja. Katika Unicode, ikiandikwa kwa njia ya UTF-8 inayotumika karibu kila mahali, kila chumba cha nukta nundu huchukua baiti tatu. Ukurasa wa mtindo wa Marekani wenye mistari 25 ya vyumba 40 una vyumba 1,000, kwa hiyo baiti 1,000 zinakuwa kama 3,000. Kwa diski za leo hilo si kitu. Taabu ni kwamba programu nyingi ndogo za zamani zinazokata mistari huhesabu baiti zikidhani zinahesabu herufi. Uiambie programu kama hiyo ikate kwenye 40, itakata kwenye chumba cha 13. Utapata kitabu chenye mistari mifupi kama shairi, na karatasi itakwenda mara tatu. Karatasi ya nukta nundu ni nene, ni nzito na ni ghali kuliko ya fotokopi, na mteja hatalipa zile kurasa za ziada.

Mtego wa pili ni wa nafasi tupu. Katika orodha ya Unicode ile sura isiyo na nukta, U+2800, ni alama kama alama nyingine za nukta. Haihesabiwi kuwa nafasi ya kutenga maneno. Jicho linaona pengo, kompyuta haioni. Programu ya kuhesabu maneno itakwambia kwamba mstari mzima ni neno moja. Anayetoza kwa neno, na wapo, atajikuta amefanya kazi ya wiki kwa malipo ya asubuhi moja. Hali kadhalika kutafuta neno ndani ya faili huleta matatizo. Ndiyo sababu liblouis inalo pia jedwali la pili la kutolea, unicode-without-blank.dis, ambalo huacha nafasi ya kawaida ibaki nafasi ya kawaida. Ushauri wangu ni kuhesabu maneno kabla ya kutafsiri, kwenye maandishi ya asili aliyoyaleta mteja, na kuandika hivyo katika makubaliano.

Wapo watakaosema kwamba natafuta makuu. Faili la brf limefanya kazi kwa miongo mingi, watasema, na mashine nyingi za kuchapa hupokea mtindo huo huo wa baiti moja kwa chumba. Ukizimwagia UTF-8 moja kwa moja zitachapa takataka. Wanasema kweli, na hapo sina ubishi. Lakini mwenye kinu hapeleki unga shambani kwa kuwa watu wanakula unga. Anatunza mahindi, anasaga kwa kiasi cha mteja. Faili la Unicode ndilo mahindi ghalani. Linageuzwa kuwa brf dakika ya mwisho, mahali ilipo mashine, na mtu anayejua mashine hiyo imepangwa kwa jedwali gani. Ukitunza brf peke yake, umetunza unga uliosagwa kwa kinu cha jirani usichokijua.

Aidha upepo unavuma upande huo. Mtindo wa PEF uliotoka Sweden kwa ajili ya mashine za kuchapa uliandikwa tangu mwanzo kwa nukta za Unicode. Mtindo wa eBraille, unaosimamiwa na DAISY Consortium kwa ajili ya vifaa vya kusomea kwa vidole, nao unatumia nukta hizo hizo. Anayenunua leo programu isiyoweza kuzitoa ananunua gari ambalo vipuri vyake vinaanza kuadimika.

Ipo faida nyingine ambayo watu wa masoko hawaitaji, nami naona ndiyo kubwa kwa karakana ndogo. Karani anayeona, aliyejifunza nukta nundu kwa miezi michache, akifungua faili la brf anaona # na & na herufi zilizochanganyika, kwa hiyo lazima ajifunze lugha nyingine ya kuazimana juu ya ile aliyojifunza. Akifungua faili la Unicode kwenye kompyuta yenye fonti yenye nukta hizo, kama DejaVu Sans inayopatikana bure, anaona nukta zenyewe. Mwalimu wa shule naye atalisahihisha bila kufundishwa ASCII. Sisi mwaka 2019 tungeliona kosa, au mwenye mashine angeliona, kabla mzee hajanyoosha mkono.

Unicode haitibu kila ugonjwa, na kuna mmoja unaotuhusu sisi wa Kiswahili hasa. Orodha ile huhifadhi nukta, haihifadhi maana. Ukichukua maandishi ya Kiswahili ukayapitisha kwenye jedwali la Kiingereza cha vifupisho, programu haitalalamika. Itaona neno “panda”, itakuta ndani yake herufi a, n na d zikifuatana, na itatia kifupisho cha Kiingereza: ⠏⠯⠁. Kwa brf ingekuwa p&a. Taarifa ya soko inayosema bei ya maharage imepanda itamfikia msomaji wa Kiswahili ikiwa na neno ambalo halimo katika Kiswahili, na nukta zake zitakuwa zimehifadhiwa kikamilifu kwa viwango vya kimataifa. Dawa yake ni jedwali la lugha yenyewe. Katika liblouis yamo majedwali ya Kiswahili yanayobeba alama ya Kenya, ya maandishi kamili na ya vifupisho. Kama yanakubaliana na mazoea ya madarasa ya Tanzania ni jambo la kukaa na walimu wetu wasioona na kulipima, ukurasa kwa ukurasa. Likionekana kosa, faili la jedwali ni maandishi ya kawaida yanayosomeka, na mtu anaweza kulirekebisha bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote.

Sasa kuhusu fedha. Msomaji mwekezaji atauliza ananunua wapi hisa za jambo hili. Hakuna. Liblouis haimo katika soko la Dar es Salaam wala la Nairobi, na programu ya bure haigawi faida. Hatari yake pia ni ya aina yake: kazi kama hizi hubebwa na watu wachache, na wakichoka hakuna mtu wa kumpigia simu. Lakini anayeingia kwenye biashara ya kuchapa akiwa na akiba ya leseni asiyoinunua, akaitumia sehemu yake kumlipa kijana wa hapa nyumbani aliyesoma kompyuta ili amtengenezee amri zake na kurekebisha jedwali la Kiswahili, amenunua kitu ambacho mshindani wake hana, yaani mtu anayejua faili linavyotoka. Mimi ningeweka fedha hapo kabla ya kuongeza mashine ya pili.

Soko lenyewe limepanuka mipaka. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 2013 na kuanza kufanya kazi Septemba 30, 2016, unaruhusu vitabu vilivyoandaliwa kwa ajili ya wasioona kubadilishana kati ya nchi wanachama bila kumtafuta mwenye hakimiliki kila mara. Kenya iliingia mwaka 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Kitabu cha nukta nundu kilichochapwa ni mzigo, hujaza boksi pale ambapo cha kawaida hutia mfukoni, na kukipitisha Namanga ni gharama. Faili halilipi nauli. Kitabu cha Kiswahili kilichotafsiriwa vizuri Nairobi kinaweza kuchapwa Mwanza, na cha Dar es Salaam kikachapwa Mombasa, ikiwa tu nukta zitafika kama zilivyoondoka. Anayetunza maktaba yake kwa Unicode anaweza kushiriki. Aliyefungiwa katika mtindo wa mashine moja atatafsiri upya kazi iliyokwisha kufanywa, na kazi ya kurudia haina mlipaji.

Ningependa pia wanaoandika zabuni wasikie. Zabuni nilizopata kuziona za kazi hii hutaja uzito wa karatasi, idadi ya nakala na tarehe ya kufikisha. Kuhusu faili hazisemi kitu. Kila mwaka mteja hulipa tena kutafsiri kile kile alicholipia mwaka jana, kwa sababu mchapaji wa zamani aliondoka na faili, au aliliacha katika mtindo usiofunguka. Sentensi moja ingetosha: mzabuni atakabidhi pamoja na vitabu faili la nukta za Unicode na maandishi ya asili, na kutaja jedwali la lugha alilotumia. Wachapaji wenzangu wengine hawatanipenda kwa kusema hivi, kwa kuwa wapo wanaoishi kwa kufunga mlango huo.

Kwa yule aliye karibu kutoa fedha yake, afanye hivi siku ya kuonyeshwa mashine. Aende na ukurasa mmoja wake mwenyewe, asikubali ule wa wakala. Uwe na bei, tarehe, namba za simu na maneno ya Kiswahili yenye “panda”, “chenji” na “ng'ombe”. Aombe utafsiriwe mbele yake na apewe faili kwa Unicode na kwa brf, kisha afungue ya kwanza kwenye kompyuta nyingine ambayo si ya wakala. Halafu uchapwe. Na asiende peke yake; aende na msomaji asiyeona, amlipe kwa saa zake kama anavyomlipa fundi yeyote, na amwombe asome zile bei kwa sauti wakala akiwa bado yupo chumbani.